Emmy Noether, Mwalimu Asiye na Mshahara

Mmekwisha kusikia habari za watu waliovumbua mashini na dawa. Leo tutawasimulia habari za mwanamke aliyevumbua kitu kisichoshikika kwa mkono, ndiyo namna mpya ya kufikiri katika hesabu. Jina lake ni Emmy Noether.

Alizaliwa mwaka 1882 mjini Erlangen, katika Ujerumani, katika jamaa ya Kiyahudi. Baba yake, Max Noether, alikuwa profesa wa hesabu. Siku zile wasichana hawakuandikwa katika universite ya mji ule. Emmy alikuwa na cheti cha kufundisha Kifaransa na Kiingereza, na kazi hiyo ingetosha kumlisha. Lakini moyo wake ulitaka hesabu. Tangu mwaka 1900 alisoma kama msikilizaji tu, kwa ruhusa ya maprofesa. Katika wanafunzi karibu 1000, wanawake walikuwa wawili. Kisha sheria ikageuka, naye mwaka 1904 akaandikwa. Mwaka 1907 akapata cheo cha dokta.

Je, cheo hicho kilimpa mkate? Hapana. Alifanya kazi Erlangen miaka saba pasipo mshahara, na mara kwa mara alifundisha pahali pa baba yake alipokuwa mgonjwa. Mwaka 1915 David Hilbert na Felix Klein, mabingwa wa hesabu, wakamwita Göttingen. Huko nako baadhi ya maprofesa wakakataa mwanamke asifundishe. Basi masomo yakatangazwa kwa jina la Hilbert, na aliyefundisha alikuwa Emmy. Mwaka 1919 ndipo alipopata ruhusa ya kufundisha kwa jina lake mwenyewe, na mwaka 1923 akaanza kulipwa fedha kidogo.

Sasa mtauliza: alifundisha nini? Tazameni. Kata karatasi yenye pembe tatu, pande zake zote sawasawa, uiweke mezani na kuchora mpaka wake. Ziko njia 6 za kuirudisha ndani ya mpaka ule: kuiacha ilivyo, kuizungusha mara moja au mara mbili, na kuipindua kwa njia tatu. Ukifanya moja, kisha nyingine, utapata tena moja katika zile 6. Jamii ya matendo ya namna hii huitwa kundi. Lakini angalia: tatu mara tano ni sawa na tano mara tatu, bali kuzungusha kisha kupindua si sawa na kupindua kisha kuzungusha. Hesabu hii ina desturi zake.

Mwaka 1896 Mjerumani mwingine, Georg Frobenius, alianza kueleza makundi kwa namba. Kila tendo hupewa mraba wa namba. Kwa pembe tatu yetu mraba wa namba nne unatosha. Ukizidisha miraba miwili kwa kanuni yake, unapata mraba wa matendo yale mawili yakifuatana. Hivyo mambo magumu kuyaona yanakuwa mepesi kuhesabu. Hii ndiyo elimu ya uwakilishi wa makundi.

Lakini kazi hiyo ilikuwa na hesabu ndefu sana. Emmy aliuliza: kwa nini mambo haya yanakuwa hivi? Katika masomo yake ya mwaka 1927 na 1928, yaliyochapwa mwaka 1929, alionyesha kwamba elimu ya uwakilishi na elimu ya aljebra ni mto mmoja. Mwenye kuelewa chemchemi hana haja ya kupima kila kijito.

Vijana waliokwisha maliza masomo ya kwanza walimjia toka mbali: van der Waerden toka Uholanzi, Shoda toka Japani, Tsen toka China. Kumfuata hakukuwa rahisi. Alisema mbiombio, akifikiri mbele yao, na mara alifuta ubao kabla hawajamaliza kuandika. Lakini waliovumilia waliona hesabu ikizaliwa. Tena hakuwa mchoyo wa mawazo yake. Van der Waerden alitoa kitabu cha Moderne Algebra mwaka 1930 na 1931, akataja wazi kwamba ametumia masomo ya Emil Artin na ya Emmy Noether. Kitabu hicho kilifundisha aljebra mpya katika nchi nyingi.

Mwaka 1933 Hitler alishika utawala. Kwa sheria mpya Wayahudi walifukuzwa katika kazi za serikali, na Emmy pamoja nao. Hakufunga mdomo, wanafunzi walikuja nyumbani kwake, akaendelea kufundisha. Mwaka uleule akaenda Marekani, kwenye shule kuu ya wanawake ya Bryn Mawr. Huko alifariki tarehe 14 Aprili 1935, baada ya kupasuliwa, akiwa na miaka 53.

Wale waliomfungia mlango hatukumbuki majina yao. Jina lake yeye, kila mwanafunzi wa aljebra analitaja. Basi ninyi wazazi, binti akipenda hesabu, msimwambie kwamba hiyo ni kazi ya kaka zake. Nanyi wanafunzi, somo likiwa gumu, mkumbuke yule aliyekaa kusikiliza tu, pasipo kuandikwa, mpaka akawa mwalimu wa walimu.