Chris Froome: Mwanafunzi wa Kikuyu Aliyevaa Jezi ya Njano

Christopher Froome alizaliwa Nairobi tarehe 20 Mei 1985, na wazazi wake walikuwa Waingereza. Baiskeli za mashindano alifundishwa na David Kinjah, mwendesha baiskeli wa mji wa Kikuyu ambaye nyumba yake ilikuwa pia karakana na bweni la vijana wa kikundi cha Safari Simbaz. Froome alipelekwa huko na mama yake, Jane, akiwa bado mtoto. Mwaka 2002 Kinjah mwenyewe alisajiliwa na timu ya kulipwa ya Italia, jambo lililokuwa nadra mno kwa Mwafrika mweusi wakati huo.

Froome alihamia Afrika Kusini kusoma, lakini aliendelea kuiwakilisha Kenya katika mashindano. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mwaka 2006, alimaliza wa 17 katika mbio dhidi ya saa, na makocha wa Uingereza wakamwona. Mwaka huohuo alijiandikisha mwenyewe kwa mashindano ya dunia ya vijana huko Salzburg, akitumia anwani ya barua pepe ya kiongozi wa chama cha baiskeli cha Kenya. Ulikuwa ujanja wa kijana aliyechoka kungoja, na malipo yake yalikuja upesi: alipoanza tu mbio alimgonga msimamizi, wote wawili wakaanguka. Mwaka 2007 aliiletea Kenya medali ya shaba katika Michezo ya Afrika huko Algiers. Mwaka uliofuata alichukua leseni ya mbio ya Uingereza, na hapo Kenya ikampoteza.

Uingereza ilikuwa imejenga nguvu zake kwanza katika mbio za uwanjani, zinazokimbiwa kwenye njia ya mviringo iliyoinama. Kutokana na juhudi hizo ilizaliwa Team Sky, timu ya mbio za barabarani aliyojiunga nayo Froome mwaka 2010. Kinara wa timu hiyo, Bradley Wiggins, alikuwa bingwa wa Olimpiki wa uwanjani kabla ya kugeukia barabara.

Miezi ya kwanza ya Froome huko ilikuwa ya kupanda na kushuka. Siku moja alipanda mlima na walio bora, siku ya pili alibaki nyuma kabisa. Sababu ilijulikana mwishoni mwa 2010, vipimo vya damu vilipoonyesha kuwa ana kichocho.  Viluwiluwi vya minyoo ya ugonjwa huo hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya anayeoga, anayevua samaki au anayechota maji. Minyoo hukomaa ndani ya mishipa, huishi kwa damu, na mgonjwa hupungukiwa nguvu. Kwa mtu ambaye riziki yake ni chembe nyekundu zinazobeba oksijeni hadi kwenye misuli, hasara hiyo ni kubwa. Tiba ni prazikwanteli, na Froome alilazimika kuimeza zaidi ya mara moja.

Mwaka 2011, mkataba wake ukiwa karibu kwisha, aliingia mbio za Vuelta ya Hispania kama msaidizi wa Wiggins akamaliza wa pili. Ushindi ulihamishiwa kwake mwaka 2019, Juan José Cobo alipovuliwa taji kwa kosa la dawa zilizokatazwa. Mwaka 2012 alikuwa wa pili tena, nyuma ya Wiggins katika Tour de France. Kisha akaishinda Tour na kuitwaa jezi yake ya njano mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2017 alitwaa pia Vuelta, na mwaka 2018 Giro ya Italia, aliyoigeuza kwa kutoroka peke yake takriban kilomita 80 za milima katika hatua ya 19.

Ushindi huo wa Giro ulitanguliwa na utata. Kiwango cha salbutamoli, dawa ya pumu, kilizidi katika kipimo chake cha Vuelta ya 2017. Kesi ilifutwa Julai 2018.

Juni 2019, akikagua njia ya mbio karibu na Roanne, Ufaransa, aligonga ukuta kwa kasi kubwa akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Mwaka 2021 alihamia timu ya Israel Start-Up Nation, na huko hakushinda mbio hata moja.