Moto Mgongoni mwa Dereva: Jinsi Joto Lilivyochonga Magari ya Injini ya Kati

Machi 1971, kwenye maonyesho ya magari ya Geneva, Lamborghini walifunua gari la njano ambalo watazamaji hawakuwa wameona mfano wake. Countach LP500 lilikuwa pana, la chini kabisa, lenye pembe kali na milango inayofunguka kwenda juu. Marcello Gandini wa kampuni ya Bertone alilichora kwa mistari michache isiyokatizwa na chochote; nyuma ya vioo vya pembeni aliacha vipenyo vyembamba tu vya kupitishia hewa. Kisha Bob Wallace, dereva wa majaribio kutoka New Zealand, akalishusha jukwaani na kuliingiza barabarani, na gari likaanza kuchemsha. Hewa iliyopenya kwenye vile vipenyo haikutosha kuipoza injini ya silinda 12 iliyofungiwa nyuma ya siti.

Toleo la kuuzwa, LP400, lilipotoka 1974, mabegani lilikuwa limeota masanduku mawili makubwa ya kunasa upepo, na ubavuni, kuanzia mlangoni, limechimbwa mfereji wa pembe tatu wa kuvuta hewa ndani. Mfereji wa aina hiyo ulitokana na utafiti wa ndege uliofanywa Marekani mwaka 1945 na NACA, taasisi iliyotangulia NASA. Gari lile la kwanza la njano lilipelekwa Uingereza mwaka huohuo wa 1974, likagongeshwa ukutani kwenye jaribio la usalama, na huo ukawa mwisho wake. Umbo lililobaki, lile lililobandikwa kwenye kuta za vyumba vya vijana kwa miaka mingi, ni umbo lililosahihishwa na joto. Watu waliyapenda masanduku yale wakidhani ni mbwembwe za mchoraji, kumbe yaliwekwa ili injini isife.

Nalisema hili mapema kwa sababu historia ya magari haya huandikwa kana kwamba ni historia ya wachoraji na kasi. Mimi naiona kwanza kuwa historia ya hewa: inaingilia wapi, inapita wapi, na inatokea wapi.

Hesabu yenyewe ni nzito. Petroli inayoungua ndani ya injini hutoa, kwa makadirio ya jumla, theluthi moja tu ya nguvu zake kwenye magurudumu. Theluthi nyingine hutoka na moshi kupitia egzosi, na iliyobaki huchukuliwa na maji ya rejeta, oili na hewa inayoizunguka injini. Gari lenye injini mbele lina nafuu: upepo unapiga rejeta moja kwa moja, unapita juu ya injini, unatokea chini. Ihamishie injini nyuma ya dereva, mbele ya ekseli ya nyuma, na upepo huo haupo tena. Bodi imekwisha kuugawa na kuupitisha juu na pembeni. Injini imebaki ndani ya chumba kilichobanwa, egzosi ikiwa sentimita chache kutoka kwenye nyaya na mipira, na ukuta mwembamba tu ukiitenga na mgongo wa binadamu. Yeyote aliyewahi kukaa siti ya mbele ya Hiace ya zamani, injini ikiwa chini yake, foleni haisogei na jua la saa nane linawaka, anajua mwili unavyolipokea joto la namna hiyo. Hiace si gari la michezo, lakini fizikia yake ni ileile.

Ujerumani ilikutana na tatizo hili mapema. Magari ya mashindano ya Auto Union yaliyobuniwa na Ferdinand Porsche yaliingia uwanjani 1934, injini ya silinda 16 ikiwa nyuma ya dereva na rejeta ikiwa puani. Maji yalihitaji njia ya kwenda na kurudi. Wahandisi wakaona kwamba mabomba makuu ya chesisi yako wazi ndani, basi wakayapitisha humo. Lilikuwa wazo la kuokoa uzito, na kwenye karatasi lilipendeza. Lakini chesisi ya gari la mashindano hupindapinda kila kona, na maungio yakawa yanavuja. Wazo likaachwa, mabomba ya maji yakatengwa. Tangu hapo kila mbunifu wa injini ya kati amelazimika kujibu swali hilohilo: rejeta mbele na mabomba marefu, au rejeta nyuma na hewa haba?

Baada ya vita, karakana ndogo ya Uingereza ya Charles Cooper na mwanawe John ndiyo iliyoigeuza dunia ya mashindano. Stirling Moss alishinda Argentina mwaka 1958 kwa gari la Cooper lenye injini nyuma yake, Jack Brabham akawa bingwa wa dunia 1959 na tena 1960, na katika muda mfupi magari ya injini ya mbele yakatoweka kwenye Formula One. Uzito ukiwa katikati, gari linageuka upesi. Ubishi ukaishia hapo.

Huko Marekani sababu ya kuihamisha injini ilikuwa ya aina yake. Machi 1957, kwenye mashindano ya Sebring, Florida, Zora Arkus-Duntov wa Chevrolet alileta gari la majaribio, Corvette SS, lenye injini mbele na bodi ya magnesi. Chuma hicho chepesi hakikuzuia joto. Kilililundika ndani, na dereva John Fitch akapikika humo hadi gari lilipotoka mashindanoni baada ya mizunguko 23. Duntov aliondoka na imani kwamba dereva hataokoka na joto mpaka injini ikae nyuma yake. Mwaka 1960 akawa na gari lake la utafiti, CERV I, lenye injini nyuma ya siti, na akaendelea kuwasihi wakubwa wake hadi alipostaafu bila kuiona Corvette ya namna hiyo ikiuzwa. Alikuwa sahihi kuhusu miguu ya dereva. Joto lenyewe halikuondoka, lilihamia mgongoni.

Miura ndilo gari lililoonyesha hilo kwa raia wa kawaida, au tuseme raia wenye fedha. Vijana wa Lamborghini, Gian Paolo Dallara na Paolo Stanzani, walionyesha chesisi tupu jijini Turin mwishoni mwa 1965, na mwaka uliofuata Gandini akaivika bodi ambayo mpaka leo sijaona ya kuishinda. Injini ya silinda 12 ililazwa kwa upana, karibu kabisa na visogo vya abiria. Juu yake hakukuwa na kioo cha nyuma. Badala yake ziliwekwa bapa nyeusi zilizopangwa kwa mwinamo, na joto likatokea katikati yake. Ni ufundi wa akili sana: hewa ya moto hupanda, na juu ya mgongo wa gari linalokwenda mgandamizo wa hewa hushuka, kwa hiyo joto linasukumwa kutoka chini na kuvutwa kutoka juu kwa wakati mmoja.

Foleni ndiyo iliyokuwa adui wa Miura. Kabureta zake za Weber zilikuwa za asili ya mashindano, zilizozoea injini inayonguruma kwa nguvu zote. Gari likikaa mahali pamoja likiunguruma polepole, petroli ya ziada ilikuwa ikikusanyika juu ya kabureta, karibu na chuma cha moto. Dereva akikanyaga mafuta ghafla, cheche moja ilitosha. Miura kadhaa ziliungua hivyo, na mafundi wanaozitunza leo huanzia hapo kabla ya kugusa kitu kingine.

Ukitaka kulielewa tatizo hili kwa karibu, usilitazame gari likikimbia. Litazame dakika kumi baada ya kuzimwa. Likiwa mwendoni, pampu ya maji inazunguka na upepo kidogo unapita. Ukizima, vyote viwili vinasimama papo hapo, ilhali egzosi bado ina mamia ya nyuzi za joto. Joto hilo linapanda taratibu kwenye mipira, kwenye nyaya, kwenye kifuniko cha plagi, kwenye paipu za petroli. Petroli iliyosimama ndani ya paipu inaanza kuchemka, mapovu ya mvuke yanajaa, na pampu iliyoundwa kusukuma kimiminika inasukuma mvuke bure. Mwenye gari amemaliza shughuli yake dukani, anarudi, anapiga stata: injini inazunguka, haiwaki. Baada ya nusu saa inawaka yenyewe, na fundi anayeitwa kesho yake haoni ubaya wowote.

Porsche walilipata somo hilo kwenye 914, gari la injini ya kati waliloanza kuliuza 1969 pamoja na Volkswagen. Pampu ya petroli ilikaa nyuma, kwenye joto la injini. Kwa matoleo ya 1975 waliihamishia mbele ya gari, mahali penye ubaridi. Boxster lilipokuja 1996, injini yake ikiwa imefichwa kabisa, liliwekewa feni ya chumba cha injini inayoweza kuendelea kuzunguka gari likiwa limezimwa na kufungwa. Toyota nao waliweka feni ya namna hiyo kwenye MR2. Usiposikia feni hiyo ikilia siku ya joto baada ya mwendo mrefu, basi mwone fundi.

Ferrari nao walikuwa na yao. Tangu 1973, magari yao ya Berlinetta Boxer yalikuwa na rejeta puani, na mabomba ya maji ya moto yakapita chini ya abiria kuelekea kwenye injini. Ndani kukawa na joto lisilovumilika wakati wa kiangazi. Kwa Testarossa la 1984 waliamua kuzileta rejeta mbili nyuma, moja kila ubavu. Uamuzi huo mmoja ulizaa kila kitu tunachokikumbuka kwenye gari lile. Rejeta zilihitaji nafasi, kwa hiyo mgongo ukapanuka hadi karibu mita mbili. Zilihitaji tundu kubwa la hewa, na kwa kuwa sheria za baadhi ya nchi hazikuruhusu tundu kubwa kuachwa wazi, likafunikwa kwa zile fito ndefu zinazoanzia mlangoni. Pua ikawa tupu, ikapatikana buti ya mizigo. Watengenezaji wengine wakaziiga fito hizo na kuzibandika kwenye magari ya injini ya mbele, ambako hazipozi chochote.

Mwaka huohuo wa 1984 General Motors walikuwa sokoni na Pontiac Fiero, gari la injini ya kati kwa bei ya mfanyakazi wa kawaida. Nalitaja kwa uchungu, maana lilikuwa wazo jema. Injini yake ya lita 2.5 ilichukua oili kidogo, na baadhi ya konrodi zake zilikuwa na dosari ya kiwandani. Oili ikipungua bila mtu kuangalia, konrodi ilikatika, ikatoboa bloku, na oili ikamwagikia egzosi ya moto ndani ya chumba kilichobanwa. Chanzo hakikuwa joto, lakini joto ndilo lililogeuza injini iliyokufa kuwa gari linalowaka. Yaliitwa kiwandani kurekebishwa, ila jina lilikwisha kuharibika. Uzalishaji ulisimamishwa 1988, baada ya kutengenezwa magari zaidi ya 370,000.

Afrika Mashariki iliyaona magari haya yakiteseka kwa namna nyingine. Lancia Stratos, kazi nyingine ya Gandini, lenye injini ya Ferrari Dino nyuma ya siti, lilitwaa ubingwa wa dunia wa rali mara tatu mfululizo, 1974 hadi 1976. Kwenye Safari Rally ya 1975 Sandro Munari alimaliza wa pili na Björn Waldegård wa tatu. Peugeot 504 ya Ove Andersson, injini mbele, ikashinda. Stratos halikuwahi kushinda Safari. Nisilisingizie joto, maana Safari ilivunja kila kitu. Lakini kwenye barabara zetu za vumbi, kila tundu linaloruhusu hewa kuingia linakaribisha pia vumbi jekundu na matope.

Gordon Murray alipobuni McLaren F1, lililozinduliwa 1992, chumba cha injini kilikuwa kimezungukwa na nyuzi za kaboni, na gundi inayoshikilia nyuzi hizo hulegea ikipata joto kali. Akakitandika kwa karatasi ya dhahabu halisi, kwa sababu dhahabu hurudisha miale ya joto kuliko karibu kila kitu kingine na haipati kutu. Bugatti Veyron la 2005, lenye nguvu za farasi 1,001, lilihitaji rejeta 10, na injini yake iliachwa bila kifuniko.

Hata hivyo, si lazima kosa liwe kubwa. Mwaka 2010 magari kadhaa ya Ferrari 458 Italia yaliwaka moto, na uchunguzi ukafika kwenye gundi: ile iliyoshikilia kinga za joto karibu na magurudumu ya nyuma ililegea kwa joto, kinga zikapinda kuelekea kwenye egzosi, na gundi ikashika moto. Ferrari waliyaita magari yote 1,248 yaliyokuwa yametengenezwa hadi hapo, wakaitoa gundi na kufunga kinga kwa vishikizo vya chuma.

Corvette ya injini ya kati aliyoiota Duntov ilizinduliwa Julai 2019, yeye akiwa amefariki tangu 1996. Chini ya kioo chake cha nyuma kuna upenyo wa kutolea joto. Matoleo yake yenye nguvu zaidi yana rejeta na feni upande wa kushoto nyuma, jirani na mahali pa kujazia petroli, na mwaka 2025 General Motors walisimamisha mauzo ya Z06 na ZR1 baada ya kubaini kwamba petroli inayomwagika wakati wa kujaza inaweza kuvutwa na feni hiyo na kuwaka. Marekebisho waliyotoa ni kinga ya kuielekeza petroli mbali na feni.