Sherifu wa Lincoln: Ofisi Iliyorudi Mikononi mwa Wananchi

Kaunti ya Lincoln, katika New Mexico nchini Marekani, ilianzishwa tarehe 16 Januari 1869 na kupewa jina la Rais Abraham Lincoln, aliyekuwa ameuawa miaka minne kabla. Ofisi ya sherifu ilizaliwa pamoja nayo, na mpaka leo ndiyo inayolinda usalama katika nchi ya milima, misonobari na nyasi kavu yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 12,500. Eneo hilo linakaribiana na Kaunti ya Kilifi nchini Kenya. Lakini sensa ya 2019 iliikuta Kilifi na watu zaidi ya milioni 1.4, na sensa ya Marekani ya 2020 iliikuta Lincoln na watu 20,269 tu.

Wengi wameisikia kaunti hii kupitia kijana mmoja mwenye bastola, Billy the Kid, ambaye filamu hazijachoka kumsimulia. Kwa kuikumbuka ofisi yenyewe, ninaona kuna jambo kubwa kuliko kijana huyo. Ni swali la sherifu ni mali ya nani, na watu wa Lincoln walilipa damu nyingi kabla ya kulijibu.

Huku kwetu Afrika Mashariki, mkuu wa polisi wa wilaya hupangwa na makao makuu, na barua ya uhamisho ikija hufunga virago. Sherifu wa kaunti hapangwi na mtu. Anagombea, anaomba kura kwa majirani zake, anaapishwa, na kura zikimkataa anarudi nyumbani. Leo katiba ya New Mexico humpa muhula wa miaka minne, na haimruhusu kuzidisha mihula miwili mfululizo. Enzi za mwanzo kulikuwa na uzito mwingine juu ya huo: sherifu ndiye pia alikuwa mtoza kodi. Aliyekuja kukukamata ndiye huyo huyo aliyekudai fedha za serikali, na funguo za gereza zilikuwa kiunoni mwake.

Madaraka hayo yote yalikuwa mikononi mwa William Brady, Mwairishi aliyekuwa askari kabla ya kuwa mkulima na sherifu. Shida ni kwamba Lincoln ya miaka ya 1870 ilikuwa chini ya duka moja. Lawrence Murphy, na baadaye mshirika wake James Dolan, waliwakopesha wakulima bidhaa, wakapanga bei za mazao yao, na wakashika zabuni za nyama na unga kwa kambi ya jeshi ya Fort Stanton na kwa Waapache wa Mescalero waliokuwa wakipewa mgao na serikali. Brady alikuwa rafiki wa Murphy tangu jeshini. Mwaka 1876 aliwasili kijana Mwingereza, John Tunstall, ambaye pamoja na wakili Alexander McSween alifungua duka la kushindana na lile la Murphy na Dolan. Januari 1878 Tunstall aliandika gazetini akimshutumu Brady kwamba kodi aliyoikusanya iliingia katika biashara ya akina Dolan. Mwezi uliofuata ikatoka amri ya mahakama ya kukamata mali kwa sababu ya deni lililodaiwa kwa McSween, na Brady akatuma kikosi kukamata mifugo ya Tunstall, aliyehesabiwa kuwa mshirika wa McSween. Ndani ya kikosi hicho kilichotumwa kwa jina la sheria walikuwamo majambazi waliojulikana. Tarehe 18 Februari wakamwua Tunstall kwa risasi. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Waliokuwa upande wake waliunda kundi lao, Regulators, na wao pia wakajiona ndio sheria. Asubuhi ya tarehe 1 Aprili 1878, Brady alikuwa akipita na manaibu wake katika barabara pekee ya mji wa Lincoln, makao makuu ya kaunti. Watu waliojificha nyuma ya ukuta, karibu na duka la marehemu Tunstall, Billy the Kid akiwa miongoni mwao, wakawamiminia risasi. Brady alikufa pale pale, na naibu George Hindman naye akafa. Yalikuwa mauaji ya kuvizia, na hakuna kisasi kinachoweza kuyahalalisha. Brady alikufa akiwa kazini na anastahili heshima ya kumbukumbu. Hata hivyo ukweli nao una haki yake: ofisi aliyoiongoza ilikuwa imeshapoteza imani ya nusu ya watu wake, kwa kuwa ilipogonga mlango, aliyekuwa ndani hakujua kama aliyekuja ni serikali au ni duka.

Mwezi Julai hali ikawa mbaya zaidi. George Peppin, sherifu aliyeteuliwa na gavana bila kupigiwa kura na mtu, aliizingira nyumba ya McSween kwa siku tano. Siku ya tano Kanali Nathan Dudley akaingia mjini na askari wa Fort Stanton, mzinga na bunduki ya Gatling, akidai amekuja kuwalinda wanawake na watoto. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, tarehe 18 Juni 1878, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya kuzuia jeshi kutumika kama polisi wa raia. Nyumba ikachomwa moto, McSween akauawa, na mwaka huo huo gavana Samuel Axtell akaondolewa madarakani.

Tiba ilianza kwenye sanduku la kura. Novemba 1880 wananchi walimchagua Pat Garrett, mtu mrefu asiye na maneno mengi, ambaye kabla hata ya kuanza muhula wake alimkamata Billy mnamo Desemba. Wakati huo kaunti ilinunua lile jengo kubwa la ghorofa la duka la Murphy na Dolan na kuligeuza kuwa mahakama. Kwangu hilo ndilo tukio zito kuliko yote katika historia ya ofisi hii. Vyumba ambamo wakulima walikuwa wakiandikiwa madeni sasa vilikuwa vya jaji na sherifu.

Juu ghorofani ndimo Billy alimofungwa, akiwa amehukumiwa kunyongwa kwa mauaji ya Brady. Tarehe 28 Aprili 1881 Garrett hakuwapo. Alikuwa katika mji wa White Oaks kwa kazi ya kodi. Saa ya chakula, naibu Robert Olinger aliwachukua mahabusu wengine akavuka nao barabara kwenda kula hotelini. Akabaki naibu James Bell peke yake na mfungwa mwenye pingu. Billy akapata bastola, akampiga Bell ngazini. Bell akajikongoja hadi nje akafa. Olinger alisikia mlio, akarudi mbio, na kutoka dirisha la juu Billy akamwua kwa bunduki ya Olinger mwenyewe. Garrett alimfuatilia hadi Fort Sumner na kumwua tarehe 14 Julai.

Watu husimulia ujasiri wa mtoro. Mimi humfikiria Bell. Wakati huo kaunti ilichukua robo ya kusini-mashariki ya New Mexico yote, sherifu yuko mbali akitoza kodi, na mlinzi wa mtu hatari kuliko wote ni mmoja kwa sababu mwenzake amepeleka wafungwa kula. Ofisi za masherifu wa vijijini bado zinalijua tatizo hilo la nchi kubwa na watu wachache.

Baada ya hapo mambo yalitulia, na utulivu hauna mengi ya kusimulia. Mwaka 1889 kaunti za Chaves na Eddy zilikatwa kutoka Lincoln. Mwaka 1912 New Mexico ikawa jimbo kamili. Makao makuu ya kaunti yakahamia Carrizozo kwenye reli, baada ya kura ya 1909 na kesi zilizoendelea hadi 1913.

Kazi ya leo haina filamu. Ni kupeleka hati za mahakama kwenye mashamba ya mbali, kuwatoa wapangaji kwa amri ya jaji bila kuwavunjia utu, kusafirisha mahabusu, kuitikia simu ya ugomvi wa nyumbani usiku huku msaada ukiwa mwendo mrefu barabarani. Na ni moto. Katika kaunti hii mwaka 1950 aliokotwa mtoto wa dubu aliyeungua kwenye milima ya Capitan, ambaye Wamarekani wote walikuja kumjua kwa jina la Smokey. Mwaka 2012 moto uliteketeza nyumba zaidi ya 240. Juni 2024 mji mzima wa Ruidoso uliamriwa kuhama, na takriban majengo 1,400 yakaungua. Milima ikabaki bila miti ya kushika maji, na tarehe 8 Julai 2025 mafuriko yaliua watu watatu, wawili wao watoto. Ruidoso ina polisi wake, lakini maafa hayaulizi mpaka wa mji uko wapi. Siku kama hizo naibu wa sherifu anayejua nani anaishi peke yake mwisho wa barabara ya vumbi, nani hana gari, na nani hataki kuwaacha farasi wake, ana thamani kuliko silaha yoyote. Akigonga mlango na kusema ondokeni sasa hivi, ni lazima aaminiwe, na imani hiyo haipatikani siku ya moto.

Ukipata nafasi ya kufika Lincoln, usiishie kutafuta nyayo za Billy. Nje ya mahakama ya zamani kuna alama za mahali walipoangukia Bell na Olinger. Soma majina yao. Kisha endesha kama kilomita 50 hadi Carrizozo, ambako ofisi yao ingali inafanya kazi, na sherifu wake angali anachaguliwa kwa kura.