Chokoleti Nyeupe na Mzigo Wake

Chokoleti nyeupe hutengenezwa kwa siagi ya kakao, maziwa ya unga na sukari, mara nyingi pamoja na vanila na lesithini kidogo. Haina ule unga wa kakao unaoipa chokoleti nyeusi rangi ya hudhurungi, uchungu na ukakasi. Kutoka kwenye mbegu ya kakao imechukua mafuta tu, na mafuta hayo ndiyo yanayoamua namna inavyoganda, inavyoyeyuka na inavyobeba kitu kingine ndani yake. Katika nchi zilizohalalisha bangi, mzigo huo siku hizi ni kilevi, na anayeila au kuihifadhi nyumbani anapaswa kuelewa inavyofanya kazi.

Asili na viwango

Karibu nusu ya uzito wa mbegu ya kakao ni mafuta. Mwaka 1828 familia ya Van Houten ya Amsterdam ilipata hataza ya mashine ya kuyakamua, na tangu hapo siagi ya kakao ikawa bidhaa ya kujitegemea. Chokoleti nyeupe ilikuja zaidi ya karne moja baadaye: mwaka 1936 kampuni ya Nestlé ya Uswisi ilianza kuuza Galak. Asili yake inahusishwa na Nestrovit, kirutubisho cha maziwa na vitamini kwa watoto. Kumbe tangu mwanzo siagi hii ilikuwa jirani wa dawa.

Kwa sheria za Umoja wa Ulaya na za Marekani, chokoleti nyeupe lazima iwe na angalau asilimia 20 ya siagi ya kakao, asilimia 14 ya maziwa makavu na asilimia 3.5 ya mafuta ya maziwa. Marekani, ambayo kanuni yake ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2004, inaongeza kwamba sukari isizidi asilimia 55. Vipande vyeupe vya bei nafuu vilivyotengenezwa kwa mafuta ya mawese badala ya siagi ya kakao havistahili jina hilo. Kuvitambua, soma orodha ya viambato kwenye karatasi.

Tabia ya mafuta

Siagi ya kakao iliyotulia vizuri huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili. Ndiyo maana kipande kilichovunjika kwa mlio mkavu huyeyuka taratibu ulimini, na ndiyo maana pia kikiachwa ndani ya gari mchana wa Dar es Salaam kitakutwa uji.

Siagi hii inaweza kuganda kwa aina sita za fuwele, na ni aina ya tano tu inayoleta mng'ao na mlio huo. Ili kuipata, mtengenezaji huiyeyusha chokoleti hadi nyuzi 45 hivi, huipoza hadi karibu 26, kisha huipasha tena hadi 28 au 29. Kazi hii haitaki haraka. Moto ukizidi, maziwa huungua na rangi hugeuka kahawia. Tone moja la maji kutoka kwenye kijiko chenye unyevu linatosha kuifanya sukari ishikamane, na bakuli zima likawa donge lenye chembechembe.

Kwa nini bangi

Kemikali kuu ya bangi inayolevya ni THC. Katika jani bichi, sehemu kubwa yake iko katika umbo la tindikali lisilolevya, nalo hubadilika kuwa THC kwa joto. THC haikubali kuchanganyika na maji, lakini huyeyuka vizuri ndani ya mafuta. Hapo chokoleti nyeupe, ambayo angalau sehemu moja ya tano yake ni siagi, inakuwa chombo kilicho tayari.

Ina upungufu mmoja: haina uchungu wa kakao wa kuficha ladha ya majani, na weupe wake huonyesha haraka ukijani wa dondoo lisilochujwa. Kwa hiyo viwanda hupendelea dondoo lililosafishwa, ambalo kiasi chake cha THC kimeshapimwa. Kadiri dondoo linavyokuwa safi, ndivyo ulimi unavyokosa cha kumwonya mlaji.

Kupima bidhaa iliyokamilika nako kuna ugumu wake. Mwaka 2019 maabara ya CW Analytical ya Oakland, California, ilieleza kwamba chokoleti yenyewe huvuruga kipimo: sampuli ya gramu 2 ilionyesha THC pungufu kuliko sampuli ya gramu 1 ya chokoleti ileile. Tena, dondoo lisipokorogwa sawasawa, kona moja ya kipande hubeba kilevi kingi kuliko nyingine.

Mwilini

Moshi wa bangi hufika kwenye damu kupitia mapafu ndani ya dakika chache. Chokoleti hupitia tumboni, kisha kwenye ini, ambalo huigeuza sehemu ya THC kuwa kemikali nyingine yenye nguvu. Dalili zinaweza kuanza baada ya nusu saa hadi saa mbili, na kuendelea kwa saa nyingi. Kosa linalojulikana sana hutokea katika kipindi hicho cha kusubiri: mtu anaona hakuna kitu, anaongeza kipande, kisha vyote viwili vinampata kwa pamoja. Hofu kali, mapigo ya moyo kwenda mbio na kutapika ni miongoni mwa matokeo.

Sheria na watoto

Colorado, ambako maduka ya bangi ya starehe yalifunguliwa tarehe 1 Januari 2014, dozi moja haizidi miligramu 10 za THC na pakiti haizidi miligramu 100. Tangu Oktoba 2016 kila kipande hutakiwa kuwa na alama ya onyo juu yake, maana karatasi hutupwa na chokoleti hubaki. Kanada, kwa kanuni za tarehe 17 Oktoba 2019, pakiti nzima haizidi miligramu 10. Kwa Waswahili wanaoishi huko, hii ni bidhaa ya dukani. Kenya na Tanzania, kuchanganywa na chokoleti hakuiondoi bangi kwenye marufuku: sheria ya Kenya ya 1994 na ya Tanzania ya 2015 zote zinaihesabu kuwa dawa ya kulevya.

Mtoto hajui sheria wala miligramu. Anaona kitu cheupe kitamu, na mwili wake mdogo unapokea dozi ya mtu mzima. Akipatwa na usingizi mzito, kuyumba au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali papo hapo, daktari aambiwe ukweli bila aibu, na karatasi ya pakiti ichukuliwe kama ipo. Aliye na bidhaa hii nyumbani aifungie kwa ufunguo, mbali na chokoleti ya kawaida, kwa sababu alama ikishafutika hata mwenyewe hawezi kuzitofautisha kwa macho.