Clark Kerr

Clark Kerr (17 Mei 1911 – 1 Desemba 2003) alikuwa mchumi na mtawala wa vyuo vikuu nchini Marekani. Alikuwa mkuu wa kwanza wa kampasi ya Berkeley (1952–1958), kisha rais wa Chuo Kikuu cha California pamoja na kampasi zake zote (1958–1967). Anakumbukwa zaidi kwa mpango wa mwaka 1960 uliopanga elimu ya juu ya jimbo hilo, na kwa namna alivyofukuzwa kazi. Lakini maisha yake hayaelezeki vizuri bila nyumba yake ya El Cerrito, kwenye vilima vinavyotazama Ghuba ya San Francisco. Akiishi humo, mke wake, Catherine, aliyejulikana kwa jina la Kay, alianzisha kazi ambayo huenda ikadumu kuliko ya mumewe.

Alizaliwa Stony Creek, Pennsylvania, katika familia ya wakulima wa matufaha. Baba yake, Samuel, alikuwa amesoma hadi Berlin kabla ya kurudi shambani, na ubishi ulikuwa sehemu ya chakula cha jioni: jambo lililokubaliwa na watu wote, mzee huyo alilitilia shaka. Mama yake, Caroline, alikuwa mshona kofia ambaye shule aliiacha mapema. Alipochumbiwa hakukubali kuolewa mpaka aweke akiba ya kutosha kusomesha chuo watoto ambao walikuwa bado hawajazaliwa. Kerr alilisimulia jambo hilo mpaka uzeeni, na msomaji wa mpango wake wa 1960 anaweza kuiona ile akiba ya mshona kofia nyuma ya tarakimu.

Alihitimu Swarthmore mwaka 1932, na huko akajiunga na Waquaker, yaani dhehebu la Marafiki, lile lile lenye waumini wengi magharibi mwa Kenya tangu wamisionari wake walipofika Kaimosi mwaka 1902. Alichukua shahada ya pili Stanford, kisha ya uzamivu Berkeley mwaka 1939. Siku ya Krismasi ya 1934 alimwoa Kay Spaulding, wakajaliwa watoto watatu.

Ujuzi wake wa kwanza haukuwa wa ofisi za chuo. Mwaka 1933 alikwenda na mwalimu wake, Paul Taylor, kuchunguza mgomo wa wachuma pamba katika Bonde la San Joaquin, na kwa miaka mingi baadaye alikuwa msuluhishi wa migogoro ya kazi kwenye pwani ya Pasifiki. Aliwasikiliza waajiri, akawasikiliza wafanyakazi, akatafuta kauli ambayo kila upande ungeweza kurudi nayo nyumbani bila aibu. Tabia hiyo ndiyo iliyompandisha cheo. Mwaka 1949 bodi ya wadhamini ilipowalazimisha wahadhiri kula kiapo kwamba si wakomunisti, Kerr mwenyewe alitia saini, lakini akawatetea waziwazi waliokataa. Wahadhiri hawakusahau. Miaka mitatu baadaye cheo kipya cha mkuu wa kampasi kilipoundwa, walimtaka yeye.

Hata baada ya kupanda cheo, familia haikuhamia katika jumba la chuo. Jumba lilibaki la kupokelea wageni, wao wakabaki El Cerrito. Sehemu kubwa ya kazi aliifanyia nyumbani, akiandika maagizo pembeni mwa majalada kwa herufi ndogo za wino wa kijani, ambazo makarani walizitambua kwa mbali.

Mpango Mkuu wa 1960, uliotiwa saini na gavana Pat Brown, ulikuwa usuluhishi kwa maana halisi. Chuo kikuu na vyuo vya jimbo vilikuwa vinagombania fedha na hadhi, huku watoto waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili wakikaribia umri wa chuo. Mpango ukagawa: asilimia 12.5 ya juu ya wahitimu wa sekondari waingie chuo kikuu, theluthi ya juu waingie vyuo vya jimbo, na vyuo vya jamii vya miaka miwili viwe wazi kwa yeyote, na mlango wa kuhamia juu ubaki wazi. Mkazi wa California hakutakiwa kulipa karo ya masomo. Chini ya urais wake kampasi za Irvine na Santa Cruz zilifunguliwa mwaka 1965. Mfumo huo ulisifiwa na kuigwa, ingawa ni haki kusema pia kwamba kwa kuuandika uteuzi katika asilimia ulifanya mlango wa juu kuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa.

Katika mihadhara aliyotoa Harvard mwaka 1963 alikifananisha chuo kikuu cha kale na kijiji chenye makuhani wake, kilichofuata na mji wa kiwanda kimoja, na cha kisasa na jiji lenye mitaa isiyojuana. Alikuwa na mzaha wake pia: matatizo makuu ya mtawala wa chuo ni mapenzi kwa wanafunzi, michezo kwa waliokwisha hitimu, na maegesho ya magari kwa wahadhiri.

Jiji hilo lilimgeukia. Septemba 1964 uongozi wa kampasi ya Berkeley, yeye akiwa ndio kwanza amerudi safarini, ulipiga marufuku meza za siasa langoni. Kerr aliona ni kosa, lakini hakulifuta. Alitafuta kauli ya katikati, kama alivyozoea katika migogoro ya kazi. Wanafunzi hawakuwa chama cha wafanyakazi chenye katibu wa kukaa naye mezani. Oktoba walilizingira gari la polisi kwa saa 32, na Desemba wapatao 800 walikamatwa ndani ya jengo la utawala, Sproul Hall. Wanafunzi walimwona mkandamizaji. Wanasiasa wa mrengo wa kulia wakamwona mlegevu. Ronald Reagan alifanya vurugu za Berkeley kuwa hoja ya kampeni yake, na tarehe 20 Januari 1967, chini ya wiki tatu baada ya Reagan kuapishwa kuwa gavana, bodi ilimwondoa Kerr kwa kura 14 dhidi ya 8. Katika Kiingereza neno moja hubeba maana ya kufukuzwa kazi na ya kuwashwa moto. Kerr alilichezea, akasema aliondoka kama alivyoingia: amewashwa moto wa shauku.

Nyumbani, hadithi nyingine ilikuwa imeshaanza. Dirisha lao lilitazama ghuba, na Kay alikuwa akiona malori yakimwaga taka na udongo kuijaza. Januari 1961 yeye, Sylvia McLaughlin na Esther Gulick waliwaita viongozi wa vyama vya mazingira sebuleni kwa Gulick, wakawapa chai na biskuti za lozi, wakitumaini watalibeba suala hilo. Wageni walikubali kwamba hatari ipo, wakasema wana kazi nyingine, wakaacha orodha za anwani za wanachama wao. Wanawake hao wakaanzisha chama chao, wakaandika barua wenyewe, uanachama dola moja. Mwaka 1965 jimbo liliunda tume ya kusimamia ghuba, na mwaka 1969 sheria ya kuifanya ya kudumu ilipitishwa. Gavana aliyeitia saini ni Reagan, yule yule.

Kerr hakuketi bure. Kwa zaidi ya miaka kumi aliongoza tume na baraza la Carnegie kuhusu elimu ya juu, akastaafu, akaandika kumbukumbu zake katika juzuu mbili zilizotoka 2001 na 2003. Mwaka 2002 ndipo gazeti la San Francisco Chronicle lilipochapisha majalada ya shirika la upelelezi la FBI yaliyoonyesha kwamba shirika hilo lilimpelekea Rais Johnson taarifa za uongo juu yake, wakati akifikiriwa kwa uwaziri. Alikuwa na miaka 91. Alifariki nyumbani El Cerrito mwaka uliofuata, akiacha mjane, watoto na wajukuu. Kay aliendelea kuishi hadi Desemba 2010, akiwa na miaka 99.