Nani Achote Kwanza

Mwaka 2011 nilikuwa mwanafunzi Dodoma, nimepanga chumba Ng'ong'ona, kijiji kilicho jirani na Chuo Kikuu. Ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Maji yalikuwa yamepungua katika bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, nasi tulihesabu saa za mwanga. Umeme ukirudi, kompyuta yangu ya mezani ya mtumba iliamka na wageni wawili ndani yake.

Wa kwanza alikuwa SETI@home, aliyezaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Mei 1999. Alichambua mawimbi ya redio yaliyonaswa na darubini ya Arecibo, Puerto Rico, akitafuta dalili za viumbe wenye akili angani. Wa pili aliitwa malariacontrol.net, mradi wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, uliotangazwa mwaka 2006 chini ya mpango wa Africa@home. Huyu aliigiza kwa hesabu jinsi malaria inavyoenea, ili watafiti walinganishe vyandarua, dawa na chanjo kabla ya kuvipeleka kwa watu. Miongoni mwa takwimu zilizojenga hesabu hizo zilikuwamo za Idete na Namawala, vijiji vya bonde la Kilombero.

Wote wawili waliishi kwa adabu ya mgeni: walitumia prosesa pale tu nilipokuwa siihitaji. Nikifungua faili la kuandika, walinipisha. Tatizo halikuwa kati yao na mimi. Lilikuwa kati yao wenyewe.

Niliyeishi naye chumbani alitoka Kilombero. Usiku mmoja aliangalia michoro ya rangi ya SETI ikicheza kwenye skrini, akaniuliza, "Kaka, umeme wenyewe ndio huu, halafu unamtafutia nani huko angani?" Alikuwa amezika mdogo wake kwa malaria. Hakulisema hilo usiku ule. Nililijua tangu zamani.

Sikuwa na jibu, ila nilikuwa na namba. Wageni wangu walisimamiwa na programu moja, BOINC, iliyotengenezwa Berkeley na kundi la David Anderson. Humo kila mradi hupewa mgawo, na kwa kawaida ni 100. Nikaiacha SETI na 100, malaria nikaipa 300. Tangu hapo, katika kila saa nne za prosesa, tatu zilikuwa za Kilombero.

Lakini mgawo si foleni. Kila kazi ilikuja na siku yake ya mwisho, na prosesa yangu ilikuwa na kiini kimoja. Kazi ya SETI ikikaribia kuchelewa, BOINC iliitanguliza hata kama zamu haikuwa yake. Je, malaria ilidhulumiwa? Hapana, kwa sababu BOINC ya miaka ile iliweka daftari, na waliolitengeneza walilipa jina lisilo la kitaalamu hata kidogo: deni. Aliyepata zaidi ya mgawo wake alidaiwa, na baadaye alingoja mpaka mwenzake afidiwe.

Nililielewa hilo haraka kwa sababu nililiona kila asubuhi bombani. Ndoo hupangwa mstari, na mwenye ndoo anaweza kwenda zake. Akija mama mwenye mgonjwa nyumbani, anapishwa. Hakuna anayeandika, lakini wote wanakumbuka, na kesho yake si yeye tena wa kupishwa.

Kosa langu lilikuja na mgeni wa tatu. Folding@home, mradi wa Chuo Kikuu cha Stanford ulioanza Oktoba 2000, ulichunguza jinsi protini zinavyojikunja. Haukuwa chini ya BOINC. Wakati wa kuuweka niliulizwa kipaumbele: cha chini kabisa, au cha juu kidogo. Nikachagua cha juu kidogo. Kidogo tu.

Kwa prosesa, hakuna kidogo. Mwenye kipaumbele cha juu akiwa na kazi isiyoisha, wa chini yake hapati kitu. Nilipofungua BOINC wiki mbili baadaye, kazi za malaria zilikuwa zimepitwa na siku zake, na seva ilikuwa imeshawapa watu wengine. Daftari la deni halikusaidia, kwa kuwa Folding@home haikuandikwa humo. Haki ya foleni huishia kwa walio kwenye foleni.

Nilirudisha kipaumbele chini. Sikumwambia mwenzangu.

Malariacontrol.net ilifungwa mwaka 2016. SETI@home iliacha kugawa kazi Machi 31, 2020, mwezi uleule ambao watu duniani kote walijazana Folding@home kutafuta udhaifu wa kirusi cha korona, hadi nguvu yake ikapita eksaflopi moja, yaani hesabu bilioni bilioni moja kwa sekunde. Dunia nzima ilikuwa imempisha mwenye mgonjwa.

Nilifurahi. Kisha nikawaza kuhusu Idete na Namawala, ambako mgonjwa alikuwapo miaka yote, na ndoo yake ilikuwa mstarini.