Hewa Safi kwa Watoto wa Walalahoi: Historia ya Kambi za Kiangazi za New York

Mwaka 1877, Willard Parsons, mchungaji wa kanisa dogo huko Sherman, Pennsylvania, aliwaomba waumini wake wafungue nyumba zao kwa watoto wasiowajua. Watoto hao walitoka New York, katika familia zilizobanana kwenye majengo ya vyumba vya kupanga, na afya zao zilikuwa dhaifu. Waumini walikubali. Kiangazi hicho walipokelewa watoto wapatao 60. Walikula wakashiba, wakanywa maziwa, wakalala penye upepo, kisha wakarudishwa kwa wazazi wao. Hapo ndipo ulipozaliwa Fresh Air Fund, mfuko ambao hadi leo unapeleka watoto wa New York mashambani na kambini, na ambao kwa hesabu zake umekwisha kuhudumia watoto zaidi ya milioni 1.8.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mchungaji mwingine, Hermann Walter Bion wa Zurich, alikuwa amewapeleka watoto 68 wa mji wake kwenye milima ya Appenzell. Wazo lilichipuka pande zote mbili za Atlantiki kwa sababu shida ilikuwa moja: miji ya viwanda ilikuwa ikiwamaliza watoto wake.

Msomaji asidhani natia chumvi. Katika mitaa ya Lower East Side, familia nzima iliishi chumba kimoja au viwili, na vyumba vya ndani havikuwa na dirisha. Sheria ya mwaka 1879 iliagiza kila chumba kipate dirisha. Wenye majengo wakaitimiza kwa kuacha mwanya mwembamba kati ya jengo na jengo. Wapangaji wakatupa taka humo, na kilichoingia dirishani kikawa uvundo badala ya hewa. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1901 ndipo ikapitishwa sheria yenye meno. Kiangazi ndicho kilichoogopwa zaidi na akina mama, maana maziwa yaliharibika upesi kwa joto na kuharisha kukawachukua watoto wachanga. Agosti 1896 joto lilipanda kwa siku kadhaa mfululizo na watu zaidi ya 1,000 wakafa mjini. Watu walilala juu ya mapaa wakitafuta upepo, na baadhi yao walianguka usingizini wakafa. Theodore Roosevelt, ambaye wakati huo aliongoza bodi ya polisi ya jiji, alisimamia ugawaji wa barafu ya bure kwa maskini.

Katika mji wa namna hiyo, wiki mbili za mashambani zilikuwa dawa. Mwaka 1882 gazeti la New York Tribune liliibeba kazi ya Parsons, likachangisha fedha kwa wasomaji wake, na idadi ya watoto ikapanda hadi maelfu kila mwaka. Gazeti hilo hilo ndilo lililomwajiri Jacob Riis, mhamiaji kutoka Denmark aliyeripoti habari za polisi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1890 kiliwaonyesha matajiri wa New York, kwa maneno na kwa picha, jinsi jirani zao walivyoishi.

Lakini kambi yenyewe, ya mahema, ziwa na moto wa usiku, haikuanzia kwa maskini. Mwaka 1861 mwalimu Frederick Gunn wa Connecticut aliwachukua wanafunzi wake wakaenda kupiga kambi ufukweni. Mwaka 1881 kijana Ernest Balch alianzisha kambi ya Chocorua kwenye kisiwa cha ziwa Squam, New Hampshire, kwa ajili ya wavulana wa wenye nazo. Balch aliona watoto hao wanadumaa kwa kukaa bure hotelini kiangazi kizima. Kambini kwake hakukuwa na mtumishi: wavulana walipika, waliosha vyombo, walitengeneza mitumbwi.

Hapa pananigusa kuliko sehemu nyingine zote za historia hii. Katika miaka ile ile, mtoto wa tajiri alipelekwa porini ili apewe kazi na madaraka, na mtoto wa maskini alipelekwa mashambani ili apewe chakula na mapumziko. Wa kwanza alihesabiwa kuwa mtu wa kesho, anayepaswa kufunzwa. Wa pili alihesabiwa kuwa mgonjwa wa kuhurumiwa. Huruma ile iliokoa maisha, na siidharau. Ila ilimpunguza mtoto pia.

Aliyeziba pengo hilo kwa vitendo ni Lloyd Burgess Sharp. Jarida la Life, ambalo enzi hizo lilikuwa la vichekesho, lilikuwa na mfuko wake wa watoto maskini tangu mwaka 1887, na kambi yake huko Connecticut. Sharp alipokabidhiwa kambi za mfuko huo mwaka 1925 alizikuta zikiendeshwa kwa kengele na foleni, watoto wengi wakila bwalo moja na kufuata ratiba moja. Akaivunja mipango hiyo. Aliwagawa watoto katika vikundi vidogo, kila kikundi na makazi yake msituni na viongozi wake wachache. Kikundi kiliamua chenyewe siku yake itakwendaje, kikapika chakula chake na kujenga vibanda vyake. Sharp alikuwa amesoma Columbia, katika kizazi cha walimu walioathiriwa na John Dewey, na aliamini kwamba yale yanayofundishika vizuri zaidi nje ya darasa yafundishwe huko huko nje. Kwa watoto wa vichochoro vya New York huo ulikuwa muujiza mdogo: mtu mzima anampa mtoto wa miaka 10 kiberiti na sufuria, anamwambia wenzako wanakutegemea.

Mengine hayakwenda vizuri. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watoto waliopelekwa kwa familia wenyeji walizidi kuwa Wamarekani weusi na Wapuerto Riko, ilhali wenyeji walikuwa karibu wote wazungu. Mwanahistoria Tobin Miller Shearer, katika kitabu chake cha mwaka 2017, ameeleza jinsi wenyeji wengi walivyowataka watoto wadogo na kuwakwepa wanapokaribia ujana, na jinsi ziara hizo zilivyosifiwa kuwa tiba ya ubaguzi huku ubaguzi ukibaki ulipo. Kulikuwa na njia nyingine. Wo-Chi-Ca, kambi ya watoto wa wafanyakazi iliyofunguliwa New Jersey mwaka 1934, iliwaweka watoto weusi na weupe kibanda kimoja na meza moja, na mwimbaji Paul Robeson alikuwa mgeni wake wa mara kwa mara. Kambi hiyo ilidhoofishwa na msako dhidi ya wakomunisti ikafungwa. Lakini ilipodumu, mtoto mweusi alikaa humo kama mwenye nyumba, wala hakuwa mgeni wa hisani.

Siku hizi hoja ya kambi imehama kutoka mapafu hadi akili. Huko Baltimore, Karl Alexander na wenzake walianza mwaka 1982 kuwafuatilia watoto wapatao 800 wa darasa la kwanza. Mwaka 2007 waliandika kwamba shule ilipokuwa wazi, watoto wa maskini walipiga hatua karibu sawa na wenzao. Likizo ndefu ndiyo iliyowaachanisha. Watafiti wengine wamepima kwa mitihani ya kisasa wakakuta pengo la likizo si pana kiasi hicho, na mjadala ungali unaendelea. Jambo moja ni dhahiri: shule inapofungwa, mlo wa mchana wa shuleni nao husimama, na ndiyo maana serikali ya Marekani ina mpango wa kulisha watoto wakati wa kiangazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1960.

Shirika la utafiti la RAND lilikwenda mbali zaidi. Lilifuatilia miji 5, ikiwemo Boston na Dallas, iliyotoa programu za bure za kiangazi kwa watoto waliomaliza darasa la tatu: masomo asubuhi, michezo na sanaa mchana, kisha kurudi nyumbani. Waliofaidika, hasa katika hesabu, ni waliohudhuria siku 20 au zaidi. Waliokuja mara moja moja hawakuonyesha faida hiyo.

Nikiisoma historia hii, naona hukumu yake iko wazi. Kambi humfaa mtoto wa maskini inapompa muda wa kutosha, chakula cha uhakika na kazi ya kuaminiwa nayo, na inapomruhusu kurudi mwaka unaofuata akiwa mkubwa zaidi. Safari ya siku moja yenye fulana ya mfadhili na picha za kamera haifanyi kazi hiyo. Makanisa, misikiti, vyama vya skauti na halmashauri zetu zinazoandaa kambi za likizo ya Desemba zianze na swali la siku: watoto watakaa siku ngapi, na ni nani atawalipia nauli wale ambao wazazi wao hawawezi? Tengeni fungu la nauli kwanza, kabla ya kununua fulana.